JUMANNE: Kunenepa na Kuneemeka

Soma 1 Samweli 2:29 na 4:18. Kwa nini mwandishi anataja uzito wa Eli pamoja na uzee wake?

Eli alikuwa na miaka 98. Habari za sanduku la Mungu kutekwa ndizo zilizomwangusha kitini, lakini uzito ulizidisha kishindo cha anguko. Sura ya 2 ilikwisha kuonyesha jinsi nyumba yake ilivyojinenepesha kwa sadaka za watu.

Hata hivyo, mnene asinyoshewe kidole. Katika Danieli 1:15 kunenepa ni dalili ya afya. Ugogoni nako, nchi iliyozoea ukame na njaa, mwili mnene umehesabiwa neema. Ila Dodoma imebadilika, hasa tangu serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016: kazi za kukaa, bodaboda, chipsi mayai na soda. Nchini Tanzania wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa 11% mwaka 1991/92. Kufikia 2015/16 walikuwa 28%.

Mafuta ya tumboni huidhoofisha kazi ya insulini. Sukari hubaki katika damu, na kisukari huanza kimyakimya. Shinikizo la damu hupanda, magoti huchakaa, usingizi hukatwa na kukosa pumzi. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 5 tu, mara nyingi sukari na shinikizo huanza kushuka. Ugali wa uwele na mlenda havina kosa. Shida ni wingi wa matonge na uchache wa hatua.

Je, chakula cha pamoja cha Sabato kanisani kwako huwa na nini, na ni lini washiriki walipimwa shinikizo mara ya mwisho?