Maoni Kuhusu Vyuo: Ni Nani Anayejibu?

Mwaka 2002 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, walianzisha kampuni iliyoitwa College Prowler. Nia ilikuwa kuwapatia vijana wanaochagua vyuo habari kutoka kwa wanafunzi wenyewe, badala ya sifa ambazo kila chuo hujimwagia. Walianza kwa kuchapisha vitabu. Baadaye kazi ikahamia kwenye tovuti, na mwaka 2013 jina likawa Niche. Tovuti ya namna hii ina ugumu wake: pasipo maoni haipati wasomaji, na pasipo wasomaji haipati maoni. Kitabu huuepuka ugumu huo, kwani maoni hukusanywa kwanza.

Kijana mwenye wazo kama hilo aghalabu huwauliza rafiki zake: "Je, mngeitumia?" Nao hujibu ndiyo. Jibu hilo lina thamani ndogo, kwa sababu rafiki huona haya kumvunja moyo mwenzake, na swali lenyewe lahusu jambo ambalo halijatokea. Afadhali aulize: "Ulipochagua chuo ulimwendea nani, na ni habari gani uliyoikosa?" Mtu hueleza aliyoyatenda kwa uhakika zaidi kuliko atakayoyatenda.

Tatizo kubwa zaidi ni la kihesabu. Chukua mfano wa kubuni wa chuo chenye wanafunzi 1,000, ambao 800 wameridhika na 200 wana malalamiko. Aliyeridhika hana haraka ya kuandika. Ikiwa ataandika mmoja katika kila 100 walioridhika, na mmoja katika kila 10 wenye malalamiko, matokeo yatakuwa haya:

Walioridhika: 800 ÷ 100 = 8
Wenye malalamiko: 200 ÷ 10 = 20

Kati ya maoni 28, lawama ni 20, yaani asilimia 71, ilhali wanaolalamika chuoni ni asilimia 20 tu. Wala hakuna aliyesema uongo!

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kuongeza idadi ya maoni. Sivyo. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilipeleka kadi zaidi ya milioni 10 kuuliza nani angechaguliwa rais. Zilirudi zaidi ya milioni 2, nazo zikambashiri Landon. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa katika orodha za wenye simu na wenye magari, watu wenye nafasi. Tena waliorudisha kadi walijichagua wenyewe.

Kwa hiyo wanafunzi 50 waliochaguliwa kwa kura kutoka daftari la chuo, kisha wakafuatwa mmoja mmoja mpaka wajibu, huonyesha hali ya chuo vizuri kuliko mamia waliojitokeza kwa hiari.

Zoezi: Katika mfano wa hapo juu, ni wangapi kati ya walioridhika wangepaswa kuandika ili lawama ziwe asilimia 20 ya maoni yote? Chuo kikiwa na wanafunzi 10,000, na viwango vya kuandika visibadilike, asilimia 71 itapungua?