Kukata na Kupasua Mawe kwa Mashine: Mwenye Kutia Mkono Ndiye Ashike Swichi

Mawe ya matimbo ya Kaunti ya Kilifi yamejenga nyumba nyingi Pwani na kwingineko. Kuna mawe ya matumbawe ya kujengea kuta, na kuna mawe ya Mazeras ya kutandika uani na kwenye vijia. Kazi hii huwapa wakazi riziki, lakini inaweza kumwondolea mtu vidole kwa nukta moja, au mapafu kwa miaka kadhaa. Yote mawili yanaweza kuzuiwa.

Mashine mbili

Mashine ya kukatia ina diski yenye chembe za almasi ukingoni. Diski hii husaga jiwe kidogo kidogo. Jiwe lisipolala sawa mezani hucheza na kuibana diski, nayo huweza kuvunjika au kurusha kipande.

Mashine ya kupasulia ina taya mbili zinazokutana kwa nguvu za mafuta yanayosukumwa na pampu. Kwa kuwa huenda polepole, watu huizoea na kuacha mkono karibu. Taya hazibagui jiwe na kidole.

Kabla ya kuwasha

1. Mashine iwe imefungwa imara chini, na mikanda na diski viwe na vifuniko vyake.
2. Diski ikaguliwe isiwe na ufa. Kasi ya mashine isizidi ile iliyoandikwa kwenye diski.
3. Maji yawe yanatiririka kwenye diski. Maji huipoza na kulaza vumbi. Kwa sababu hiyo, waya za stima ziwe nzima na mashine iwe na waya wa ardhini.
4. Mfanyakazi avae miwani ya kinga, vizibo vya masikio na buti ngumu. Leso, mikono mirefu iliyolegea na mikufu havifai. Glavu ni za kubebea mawe. Zivuliwe karibu na diski inayozunguka, kwani huvutwa pamoja na mkono.

Jiwe linapokwama

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Fundi huinama kutoa kipande, na mwenzake, akidhani kazi imekwisha, huwasha. Au stima ilikuwa imepotea na swichi ikaachwa wazi. Ikirudi, mashine huanza yenyewe.

Kanuni ni hii: anayetia mkono ndiye azime, achomoe plagi au afunge swichi kuu kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwake. Kisha asubiri diski isimame kabisa, maana huendelea kuzunguka baada ya kuzimwa. Kwa mashine ya kupasulia, atoe kwanza nguvu iliyobaki kwenye mafuta. Vipande vidogo visukumwe kwa kijiti. Stima ikipotea, swichi izimwe papo hapo.

Vumbi

Mawe ya Mazeras ni ya mchanga ulioshikamana, na vumbi lake lina silika. Vumbi hili laini huingia ndani ya mapafu na kuacha makovu yasiyopona. Ugonjwa wake, silikosisi, hauna tiba, na humweka mgonjwa katika hatari zaidi ya kupata kifua kikuu. Kitambaa kilichofungwa usoni hakilizuii. Inatakiwa barakoa maalumu ya vumbi, pamoja na maji. Vumbi lilolokauka lisifagiliwe kabla ya kunyunyiziwa maji. Mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki 2 aende kituo cha afya na aeleze kazi anayofanya. Kifua kikuu hupimwa na kutibiwa bila malipo katika vituo vya umma.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye timbo au karakana aweke vifuniko kwenye sehemu hatari za mashine na awape wafanyakazi vifaa vya kinga. Mfanyakazi akiripoti kwa msimamizi hatari kubwa iliyo karibu kutokea, haruhusiwi kulazimishwa kurudi hapo hadi irekebishwe. Kelele zisizidi desibeli 90 kwa saa 8 za kazi.

Kifuniko kilichotolewa ili kazi iende haraka kirudishwe leo, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa mezani.