SOMO: Kula Mbali na Nyumbani Wakati Chakula Kinakudhuru

Ndugu, chakula ni zawadi ya Mungu. Lakini wako watu ambao mwili wao hukataa chakula fulani. Chakula hicho si kibaya, wala hakikutiwa sumu. Ni mwili unaokipigania kama adui. Ugonjwa huu huitwa alerji. Mara nyingi huletwa na karanga, mayai, maziwa, samaki, kamba, ufuta, soya au ngano.

Dalili zake. Ngozi huwasha na kutoa mabaka, midomo au ulimi huvimba, mtu hutapika, pumzi hubana, pengine huzimia. Kwa kawaida dalili huanza baada ya dakika chache, au kabla ya saa 2 kupita. Basi mtu akivimba karamuni, msiseme upesi, "Amelishwa sumu," na kumshitaki mpishi. Mpelekeni hospitali kwanza.

Hatari ya chungu cha wengine. Nyumbani unajua kilichomo chunguni. Katika restora au karamu ya arusi hujui. Sombe yaweza kuwa na karanga zilizosagwa, wala jicho halizioni. Moto hauondoi hatari yake. Hata mwiko uliotoka katika chungu cha karanga waweza kudhuru.

Simu yako ikusaidie hivi:

1. Mpigie mpishi mapema, kabla hajabandika chungu. Si aibu. Kukataa sahani mbele ya wageni wote ni vigumu zaidi.
2. Andika katika simu: "Karanga zaweza kuniua. Je, zimo katika chakula hiki, au mafuta, au chungu?" Andika kwa Kiswahili, Kifaransa na Lingala, upate kumwonyesha mpishi safarini.
3. Chakula cha kopo au pakiti, piga picha ya maandishi yake madogo, uyakuze, uyasome.
4. Weka jina la ugonjwa wako na namba ya jamaa yako mahali panapoonekana hata simu ikiwa imefungwa.

Lakini kumbuka: simu haionji chungu. Mpishi akijibu, "Nadhani hazimo," usile.

Hatari ikija. Mlaze mgonjwa na kuinua miguu yake. Pumzi ikimbana, akae. Asisimame wala kutembea. Dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini katika msuli wa paja. Vidonge vya kuzuia kuwashwa havitoshi. Aliyepewa sindano hiyo na mganga wa hospitali asiiache nyumbani. Mtu mmoja apige simu hospitali, mwingine atafute gari.

Neno kwa wanaoalika wageni. Katika 1 Wakorinto 8, Paulo alikuwa tayari kuacha nyama kwa ajili ya ndugu yake. Je, sisi tutashindwa kupika chungu kimoja bila karanga?

Maulizo

1. Kwa nini tusimshitaki mpishi upesi?
2. Utamwambia nini mpishi kabla ya karamu?
3. Dawa ya kwanza ni ipi, na huchomwa wapi?