SOMO: MCHORO NI WA BURE, KAZI YA FUNDI SI YA BURE



Mwezi huu tujifunze juu ya vifaa vya umeme ambavyo michoro yake iko wazi. Aliyevibuni ameruhusu mtu yeyote aone mchoro, atengeneze, abadilishe, hata auze. Je, jambo hili linamsaidia fundi wetu wa redio, ama linamnyima riziki?

Tuanze na kitu tunachokijua. Jiko la bati lenye udongo ndani lilianza kuenea Kenya miaka ya 1980. Hakuna aliyelifungia kisheria lisinakiliwe. Mafundi wa jua kali walilitengeneza na kuliuza, nasi tukapunguza makaa. Lakini wengine walitia udongo uliochomwa vibaya, ukapasuka mapema. Mchoro ulikuwa wa wote, lakini kazi nzuri haikuwa ya wote.

Sasa tuje kwa umeme. Mwaka 2005, mjini Ivrea, Italia, walimu na wanafunzi walianzisha bodi ndogo iitwayo Arduino. Mchoro na programu yake viko wazi. Kilicholindwa ni jina. Ndiyo sababu viwanda vya China hutoa bodi kama hiyo kwa bei ya chini. Ikiunganishwa na kipimajoto, inaweza kuwasha na kuzima taa ya mashine ya kuangulia mayai.

Tuseme kikundi cha Njoro kina mashine yenye mayai 200. Mayai ya kuku huchukua siku 21, na mashine yenye feni hutaka joto la karibu digrii 37.5. Siku ya 15 bodi inakufa. Kama imefunikwa kwa gundi na muuzaji yuko mbali, mayai yameenda. Kama mchoro na programu vipo, fundi wa Nakuru aweza kubadilisha bodi kabla mayai hayajapoa sana.

Na fundi je? Hana siri ya kuuza. Akitengeneza leo, kesho jirani atamwiga na kupunguza bei. Kwa hiyo anauza mkono wake: kuunganisha nyaya vizuri, kupima mbele ya mnunuzi, na kuja akiitwa. Anayeumia ni yule auzaye sanduku asilojua kulifungua.

Mkinunua, kumbukeni:

1. Ombeni mchoro na nakala ya programu. Katibu avitunze.
2. Washeni mashine siku nzima bila mayai, mkilinganisha na kipimajoto kingine.
3. Msimbane fundi kwa bei mpaka akose nauli ya kurudi. Akifunga kibanda, mchoro peke yake hautashika koleo.

Maswali ya kujadiliana:

- Ni kifaa gani cha kikundi chetu kikiharibika leo hatujui wa kumwita?
- Tunalipia nini tunapomlipa fundi: kifaa, ama pia ujuzi wake?
- Nani kati ya vijana wetu anaweza kujifunza kazi hii?