Ithibati ya Shahada za Mtandaoni: Changamoto kwa Idara za Kiswahili

Nchini Kenya, programu za shahada huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Idara huandaa mtaala, seneti huupitisha, kisha tume huutathmini kwa msaada wa wataalamu wa taaluma husika. Ieleweke kwamba mtaala uliotungiwa darasa haugeuki kuwa wa masafa kwa kupakiwa tu kwenye intaneti. Chuo sharti kionyeshe moduli, maandalizi ya wahadhiri, maktaba ya kielektroniki na namna ya kulinda mitihani.

Kwa Kiswahili, suala hili lina uzito wa pekee. Fasihi simulizi, ambayo uhai wake umo katika utendaji mbele ya hadhira, itafundishwaje? Matamshi yatasahihishwaje? Majibu yajitokeze katika ombi lenyewe: vipindi vya ana kwa ana, rekodi za sauti, na utafiti nyanjani. Hapo masafa hugeuka faida, kwani mwanafunzi aliyeko Lamu hukusanya tungo za kwao bila kuhama.

Ithibati, basi, si muhuri tu. Ndiyo dhamana ya cheti atakachokibeba mhitimu.