Safari ya Wawili Nyikani: Ya Kukubaliana Kabla ya Kung'oa Nanga



Watoto wakishaenda shule za bweni, nyumba hunyamaza, na mume na mke huanza kutazamana upya. Wengine hapo ndipo wanapokumbuka kwamba tangu harusi hawajawahi kutoka wawili peke yao. Wengi wakiwaza matembezi huwaza hoteli ya Mombasa. Lakini wako wanaotamani jambo jingine: kupakia hema na sufuria garini, kuiacha lami, na kulala mahali pasipo na taa hata moja. Hebu leo tujifunze namna ya kupanga safari ya aina hiyo. Mfano wetu utakuwa njia ya kwenda Ziwa Turkana kupitia Laisamis, kwa maana hiyo ndiyo niliyoipita na mke wangu, na ndiyo iliyonifunza.

Njia yenyewe

Kutoka Nanyuki mnashuka hadi Isiolo, mnapita Archers Post na Merille, mnafika Laisamis. Mpaka hapo ni lami tupu. Laisamis mnaiacha barabara kuu ya Marsabit na kukata kushoto. Mbele yenu kuna zaidi ya kilomita 200 za changarawe, mawe na mchanga hadi Loiyangalani, mkipita chini ya milima ya Ndoto, kisha South Horr, kisha Sarima. Mkitaka kurudi kwa njia nyingine, mtapita North Horr, Kalacha na jangwa la Chalbi hadi Marsabit. Mzunguko huo, Laisamis hadi Marsabit, ni kama kilomita 500.

Nchi hiyo ni nzuri ajabu. Lakini ni nchi isiyomsamehe asiyejiandaa.

Yaliyotupata sisi

Mwaka 2018 tulitimiza miaka 15 ya ndoa. Tulifunga ndoa mwezi wa Novemba, basi nikaamua twende Novemba. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, kwa sababu Novemba ni mwezi wa mvua. Tuliazima gari la shemeji yangu, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, nami nikajiona dereva hodari.

Siku ya pili, karibu na Ngurunit, tulitoka barabarani kutafuta mahali pa kulala. Mbele yetu palikuwa na laga, yaani mto mkavu wa mchanga. Mke wangu akasema, "Baba watoto, tushuke kwanza tuukanyage huu mchanga kwa miguu." Nikamjibu kwamba naona vizuri. Nikaingia. Katikati ya laga gari lilizama mpaka tumboni. Ilikuwa saa kumi jioni.

Tulichimba kwa sahani, kwa maana beleshi nilikuwa nimeliacha nyumbani nikisema ni uzito wa bure. Jua lilipotua tukaanza kuona umeme wa radi juu ya milima. Ye yote anayeijua nchi ile angetuambia maana yake: mvua ikinyesha mlimani, maji hushuka katika laga kwa ghafla, hata kama pale ulipo hapajadondoka tone. Vijana wachungaji walituona kwa taa zetu, wakaja wanne, wakakata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu. Saa nne usiku gari likatoka.

Maji hayakuja usiku ule. Lakini sisi hatukujua kwamba hayatakuja. Na nikisema kweli, kilichoniumiza zaidi ni ule ukimya. Mke wangu hakunilaumu hata kwa neno moja. Alichimba tu. Sikupata ulimi wa kumwomba radhi mpaka asubuhi, tukiwa na vikombe vya chai mkononi.

Tangu siku hiyo nimeelewa hivi: wawili wakiwa nyikani na gari moja, hakuna mtu wa tatu wa kuwaamua, wala wa kutumwa kwenda kuita msaada. Kwa hiyo mabishano yote yamalizwe mezani nyumbani, kabla ufunguo haujaingia garini. Haya ndiyo ya kukubaliana.

1. Majira

Mvua ndefu huanza Machi hadi Mei, na mvua fupi Oktoba hadi Desemba. Nendeni Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Chalbi ikinyeshewa hugeuka tope, na gari lililonasa humo laweza kukaa siku nyingi. Siku ya kumbukumbu ya ndoa yaweza kungoja, mvua haingoji.

2. Maji

Wekeni lita 10 kwa kila mtu kwa kila siku: nusu ya kunywa, nusu ya kupika na kunawa. Watu wawili kwa siku nne ni lita 80. Ongezeni mtungi mmoja wa lita 20 wa gari na wa dharura, msioufungua ovyo. Jumla ni mitungi mitano, yaani kilo 100, basi muipange chini, karibu na katikati ya gari. Msitegemee ziwa: maji yake yana magadi na yana mamba wengi. Tena visima mtakavyokuta njiani ni uhai wa mifugo ya wenyeji. Ombeni kwanza, wala msifulie hapo.

3. Mafuta

Gari linalokula lita 12 kwa kilomita 100 za lami laweza kula 18 au zaidi mchangani. Kwa kilomita 500, pamoja na 100 za kupotea na kuzunguka, hesabu ni lita 108. Ongezeni robo, inakuwa 135. Huko mbele mafuta huenda yakauzwa kwa mapipa, na huenda yasiwepo. Pangeni kana kwamba hayapo.

4. Gari na vyombo vyake

Chukueni magurudumu mawili ya spea, jeki na ubao wa kuiwekea chini ili isizame, beleshi, kamba ya kuvutia, na pampu. Mkifika kwenye mchanga mzito, punguzeni upepo wa magurudumu kutoka 35 hivi hadi kama 20. Mkirudi kwenye mawe, jazeni tena mara moja, la sivyo mawe yatawakatia tairi. Laga yo yote ivukwe kwa miguu kwanza. Mkiona kisigino kinazama sana, tafuteni kivuko kingine.

Jambo jingine: wote wawili mjue kuendesha gari na kubadilisha gurudumu. Wakati ule mke wangu hakujua. Kama ningeumwa na nge usiku, nani angenipeleka hospitali? Tuliporudi alijifunza, na leo hushika usukani kwa utulivu kuniliko.

5. Chakula na malazi

Acheni maharagwe mabichi nyumbani, yanakula maji na moto. Bebeni mchele, ndengu zilizolowekwa, chapati za siku mbili za kwanza, tende, majani ya chai na sukari, tena sukari ya kutosha hata kuwagawia wenyeji.

Msilale kamwe ndani ya laga, hata kama mchanga wake ni laini na miti yake ina kivuli. Karibu na boma, ulizeni wazee mahali pa kupiga hema. Karibu na ziwa, funga hema upande wa gari usiopigwa na upepo, na kila kamba iwekewe jiwe zito. Mitambo 365 ya umeme wa upepo haikujengwa pale Sarima bure. Pikeni mapema, na moto uzimwe kabisa. Asubuhi kung'uteni viatu kabla ya kuvaa, kwa sababu ya nge.

6. Habari za usalama

Kuuliza si ujinga. Ulizeni kituo cha polisi Laisamis, ulizeni chifu, ulizeni madereva wa malori, ulizeni misheni. Mnamo Novemba 2012 makumi ya askari polisi waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Njia iliyo salama mwezi huu yaweza kuwa na hatari mwezi ujao. Mkiambiwa msiende, msiende.

7. Mtu wa nyumbani

Mwandikieni ndugu mmoja anayeaminika ratiba yenu: njia, vijiji, na siku mtakayopiga simu, kwa maana kati ya miji simu mara nyingi haishiki. Kwa mfano: "Jumanne jioni tutapiga simu tukiwa Loiyangalani. Msiposikia kitu hadi Jumatano saa sita mchana, waambieni polisi wa Laisamis." Kisha msibadilishe njia bila kumjulisha. Gari likiharibika, kaeni nalo. Gari huonekana kwa mbali na lina kivuli. Mtu anayetembea juani hana hata kimoja. Na kamwe msitengane.

8. Neno "Turudi"

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kubalianeni kwamba mmoja wenu akisema "Turudi", gari linageuzwa. Hakuna kuuliza sababu hapo hapo, hakuna kucheka, hakuna kukumbushana gharama. Sababu zitaelezwa jioni, mkiwa mahali salama. Mwenye kuogopa mara nyingi ndiye aliyeona jambo ambalo mwenye kujiamini hakuliona. Na yule asemaye "Turudi" asilitumie neno hilo kwa hasira ya mambo mengine, maana likichezewa litapoteza nguvu siku litakapohitajika.

Mwaka 2022 tulirudi njia ile ile, safari hii mwezi wa Julai. Kabla ya kufika North Horr mke wangu alisema neno hilo, nami nikageuza gari. Chalbi hatukuiona. Tulilala siku mbili zaidi kando ya ziwa, na nawaambieni, hatukupungukiwa na kitu.

Zoezi la jioni

Zimeni redio na televisheni, keti pamoja mezani na karatasi moja, kisha mjibizane kwa zamu:

(a) Ni kitu gani katika safari hii kinachokutia hofu, ambacho hujawahi kuniambia?

(b) Tukinasa, nani atafanya kazi gani?

(c) Ni lini nilipokuonya ukakataa kusikia, au uliponionya nikakataa?

(d) Je, ukisema "Turudi", una hakika nitageuza gari?

Msipoweza kujibu swali la nne bila kusita, ahirisheni safari. Ziwa halihami.