Vyungu Vikuukuu vya Maua: Matayarisho Kwanza, Rangi Baadaye



Ukisafiri kutoka Naivasha kupitia Gilgil hadi Nakuru, utaona vitalu vya miche na maua kando ya barabara. Nyuma ya kitalu mara nyingi kuna lundo la vyungu vilivyochakaa: vya udongo, vya simiti, vya plastiki, na mikebe ya mafuta ya kupikia iliyoshika kutu. Tumezoea kuviita takataka. Lakini kwa rangi ya kupuliza, ile ya kopo ambayo mafundi wa jua kali hutumia kurekebisha magari, vingi vinaweza kurudi sokoni.

Somo letu ni hili: rangi hushika pale palipotayarishwa. Kupuliza ni kazi ya dakika chache, kutayarisha ni kazi ya siku mbili tatu. Kikundi kikiruka hatua hiyo, rangi itabanduka mvua ikianza, na mnunuzi hatarudi. Haraka haraka haina baraka.

1. Tuchague vyungu

Tugonge chungu kwa kidole. Kikilia vizuri ni kizima. Kikilia kama kimepasuka, tukiweke kando. Chombo chochote kilichobeba dawa ya kunyunyizia mimea au kemikali nyingine tusikitumie kabisa, hata kama kimeoshwa. Plastiki hunywa sumu, na sabuni haiitoi yote. Rangi nzuri juu ya chombo kama hicho inaficha hatari tu.

2. Tuoshe na kukausha

Tutoe udongo wote wa zamani, kwa maana unaweza kubeba magonjwa kama mnyauko wa bakteria, adui mkubwa wa viazi na nyanya katika sehemu zetu. Tusugue kwa sabuni na brashi ngumu. Kisha tuloweke kwa nusu saa katika maji yenye Jik, sehemu moja ya Jik kwa sehemu tisa za maji, halafu tusuuze. Jik isichanganywe na siki wala dawa ya kusafisha choo, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu.

Chungu cha udongo kikae juani siku kadhaa mpaka kikauke hadi ndani. Kama kina ukungu mweupe wa chumvi, tuupanguse kwa brashi kavu.

3. Tupige msasa

Mkebe wenye kutu tuukwangue mpaka chuma kionekane, kisha tupake praima ya chuma. Plastiki tuisugue kidogo kwa msasa laini, na tununue rangi ambayo kopo lake linasema inafaa plastiki. Chungu kipya cha simiti kingoje kama siku 28 kabla ya kupakwa. Cha zamani hakina shida hiyo.

Kama chungu kina rangi ya zamani, tusiipige msasa ikiwa kavu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Tulowanishe kwanza, watoto wakae mbali, na mabaki tuyazoe yote. Siku hizi kiwango cha Kenya hakiruhusu risasi izidi sehemu 90 kwa kila milioni katika rangi. Kwa hivyo tusinunue rangi ya kupimwa kwenye chupa isiyo na jina.

4. Tupulize

Inasemekana jina Nakuru lilitoka katika neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Anayepaka rangi hapa anajua kwa nini. Tupulize asubuhi, kabla upepo haujaamka.

Tufanye kazi nje, mbali na jiko na sigara, maana gesi ya kopo hushika moto. Tusimame upande unakotoka upepo. Akina mama wajawazito na watoto wasikaribie. Kitambaa usoni huzuia matone ya rangi, hakizuii mvuke.

Tutikise kopo dakika moja au mbili. Tulishike sentimita 20 hadi 30 kutoka kwa chungu, na mkono uende kando kwa kando bila kusimama. Koti mbili nyembamba ni bora kuliko moja nzito, ambayo hutiririka kama machozi. Muda wa kungoja kati ya koti umeandikwa kwenye kopo. Kopo likiisha tusilitoboe wala kulitupa motoni.

Chungu cha udongo kinapumua. Maji ya ndani hupenya na kusukuma rangi kutoka nyuma. Kwa hivyo tusipake ndani, na mche tuuweke katika kikopo kidogo chenye matundu, kisha tukitumbukize ndani ya chungu. Rangi itadumu zaidi. Vyungu vilivyopakwa tuviweke kwa maua. Sukuma na dania tupande kwenye vyombo visivyo na rangi.

5. Hesabu kabla ya kununua

Tuseme kopo la rangi ni shilingi 400 na limetosha vyungu 4. Hiyo ni shilingi 100 kwa kila chungu. Tuongeze msasa na sabuni 15, udongo na samadi 20, mche 30. Jumla ni shilingi 165, na jasho letu bado halijalipwa. Tukiuza 150 tumepata hasara, ingawa pesa mkononi zinaonekana kama faida. Tukiuza 250 tumebaki na 85.

Kwa hivyo tupake vyungu 4 kwanza, tuvipeleke sokoni, tuone bei. Kama wanunuzi hawaongezi zaidi ya gharama ya rangi, tuviuze vikiwa safi bila rangi. Au tutumie rangi ya brashi, ambayo kwa kawaida ni nafuu kwa kila chungu, na kopo la kupuliza libaki kwa mapambo.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika lundo letu, ni vyombo gani hatujui vilibeba nini? Tutavifanyia nini?
2. Nani atatunza daftari la gharama, na nani atalikagua?
3. Watoto watakuwa wapi siku ya kupiga msasa na kupuliza?
4. Bei gani italipa rangi na pia kazi ya mikono yetu?